Siku unapouchukia mwili wako, usiamue jambo

Pita sokoni Mlali baada ya kutoonekana kwa miezi miwili. Hujamaliza kuitikia salamu, tayari umeshapewa taarifa za mwili wako. "Shangazi, umenawiri!" anasema muuza nyanya. Hatua kumi mbele, mwingine anakushika mkono: "Mbona umekwisha hivi, unaumwa?" Ni mtu yuleyule, kilo zilezile, asubuhi ileile.

Wanaosema hivyo kwa kawaida hawana nia mbaya. Kwetu kuutaja mwili wa mtu ni njia ya kumwambia kwamba tulimkumbuka na leo tumemwona. Lakini msomaji, unajua kinachofuata ukifika nyumbani. Unajitazama kwenye kioo upande huu, kisha upande ule. Unashika tumbo. Unaangalia madoa usoni. Nguo ya Jumapili inakataa kufunga, na siku nzima inaharibika.

Hospitalini na katika zahanati za huku chini ya milima ya Uluguru, ni nadra mtu kuingia na kusema, "Daktari, nauchukia mwili wangu." Watu huja na malalamiko mengine: kizunguzungu, ngozi inayowaka, hedhi iliyopotea, sukari iliyopanda ghafla. Ukiuliza kwa utulivu, mara nyingi unakuta kulikuwa na siku moja mbaya, na siku hiyo mtu aliamua jambo. Aliacha kula. Aliacha vidonge. Alinunua mkorogo. Siku mbaya ilipita, lakini uamuzi ukabaki.

Leo tuzungumze kuhusu siku hizo. Sitakuahidi kwamba zitakoma. Karibu kila binadamu anazo, wanaume kwa wanawake, wembamba kwa wanene. Ninachotaka ni uzipite bila kuumia.

Kipimo cha urembo hakikai mahali pamoja

Kama bibi yako ni Mluguru, Mzaramo au Mkwere, huenda anakumbuka habari za mwali. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na akalishwa vizuri. Siku ya kutoka alishangiliwa akiwa amenawiri. Unene kidogo ulikuwa sifa ya binti na heshima ya ukoo uliomtunza. Leo mjukuu wa bibi huyohuyo, akiwa na mwili uleule, anaitwa "bonge" shuleni.

Na wembamba nao una historia yake. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo "Slim", kwa sababu ulimkondesha mtu. Tangu hapo, kwa miaka mingi, kukonda hapa kwetu kuligeuka kuwa mashtaka. Mpaka leo kuna watu wazima wanaogopa kupungua hata kilo mbili walizoshauriwa na daktari, kwa kuhofia maneno ya mtaani.

Tazama pia mfano wa mbali. Katika mkoa wa Nadroga nchini Fiji, ambako mwili mkubwa ulisifiwa kwa vizazi, televisheni iliingia mwaka 1995. Dk. Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha wakahoji kundi jingine mwaka 1998. Mwanzoni hakuna msichana aliyesema anajitapisha ili kupunguza uzito. Miaka mitatu baadaye, asilimia 11.3 walisema wanafanya hivyo. Vyakula vya Fiji ni vilevile na miili ni ileile; kilichoingia ni picha za kujilinganisha nazo. Sisi leo picha hizo tunazo mfukoni, kwenye simu, na nyingi zimelainishwa na filta kiasi kwamba hata mwenye sura hiyo hafanani nazo.

Nakueleza haya ili uone jambo moja. Kioo chako hakisemi ukweli peke yake. Kinasema ukweli pamoja na maneno ya soko, ya shule, ya kicheni pati na ya simu. Maneno hayo yanabadilika kila kizazi. Mwili wako hauwezi kuyakimbiza yote.

Nini hutokea siku mbaya

Jana ulivaa ukatoka bila wasiwasi. Leo unajiona umeharibika. Je, mwili umebadilika kwa usiku mmoja? Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka hata kwa kilo moja au mbili ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu ya maji, chumvi, chakula kilicho tumboni na choo. Wanawake wengi huvimba kidogo siku chache kabla ya hedhi. Hayo si mafuta na hayahitaji tiba.

Kinachobadilika zaidi ni hali yako. Ukikosa usingizi, ukiwa na njaa, ukigombana na mtu, ukipungukiwa na fedha, akili inatafuta mahali pa kuweka uchungu, na mwili uko karibu. Ndiyo maana mama aliyejifungua wiki nne zilizopita, anayeamka usiku mara tatu kunyonyesha, anaweza kulia kwa sababu ya tumbo lililolegea, wakati mji wa mimba wenyewe unahitaji takriban wiki sita kurudi katika ukubwa wake wa kawaida. Tumbo lake linaendelea na kazi yake. Aliyechoka ni yeye.

Ya kufanya siku hiyo

Kwanza, itaje. Jiambie, "Leo ni siku mbaya." Usiseme, "Mimi ni mbaya." Sentensi ya kwanza ina mwisho, maana siku huisha. Ya pili haina.

Pili, kula. Hili nalisisitiza kuliko yote. Ukiruka mlo kwa kujiadhibu, jioni njaa inakushinda, unakula kwa pupa, kisha unajichukia zaidi, na kesho unaruka tena. Mduara huo ndio huanzisha maradhi ya ulaji kwa vijana wengi. Kula mlo wako wa kawaida kwa wakati wake: ugali na maharage, mboga, tunda.

Tatu, vaa nguo inayokutosha leo. Si ile ya kabla ya ndoa, wala ile uliyonunua ukitarajia kupungua. Nguo inayobana inakukumbusha mwili wako kila unapopumua. Kama ni dera, vaa dera. Fundi wa cherehani ni nafuu kuliko siku nzima ya mateso.

Nne, punguza kioo, mizani na simu. Jitazame mara moja unapojiandaa, basi. Usipime uzito siku hiyo. Na zile kurasa zinazokuacha ukijisikia mnyonge kila ukizifungua, acha kuzifuatilia. Hakuna atakayekudai.

Tano, utumie mwili badala ya kuutazama. Tembea, palilia bustani, beba mtoto, cheza muziki jikoni. Wanawake wa huku hushuka kutoka milimani na mizigo ya mboga na kupanda tena siku hiyohiyo. Miguu inayofanya kazi hiyo ina sababu ya kuwa minene. Mazoezi haya si adhabu ya kuchoma chakula ulichokula. Nia ni kuurudisha mwili kwenye kazi zake, na husaidia akili kutulia.

Sita, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Usimwombe akupe hukumu kwa kumuuliza, "Hivi mimi ni mnene?" Mwambie tu, "Leo najisikia vibaya kuhusu mwili wangu." Swali hilo la kwanza halina jibu litakaloingia moyoni. Sentensi ya pili inakupa mwenzi.

Saba, na hii ndiyo iliyobeba makala yote: usiamue jambo lolote kuhusu dawa, chakula, ngozi au fedha siku hiyo. Liandike, liache. Kama bado ni wazo zuri baada ya wiki moja, lilete kwa mhudumu wa afya mzungumze.

Wapo wanaokwambia ujipende ulivyo, ujisimamishe mbele ya kioo na kujisifu. Kama inakusaidia, fanya. Lakini kwa wengi, siku mbaya, maneno hayo husikika kama uongo na huongeza unyonge. Hulazimiki kuupenda mwili wako leo. Inatosha kuutunza. Mkulima wa hapa Mlali anajua nyanya zisizo na sura nzuri hushushwa bei na wachuuzi wa Dar es Salaam, lakini hakuna anayeacha kumwagilia shamba kwa sababu ya maneno ya mnunuzi.

Dawa zinazobadilisha mwili

Hapa nazungumza na wewe mgonjwa, maana hapa ndipo watu hupoteza maisha.

Zipo tiba muhimu zinazobadilisha umbo. Predinisoloni, inayotolewa kwa pumu kali, maradhi ya figo na mengineyo, ikitumika kwa muda mrefu hufanya uso uwe wa mviringo na kuongeza hamu ya kula. Insulini huweza kuongeza uzito, hasa mwanzoni, kwa sababu mwili uliokuwa ukipoteza sukari kwenye mkojo sasa unaitumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili nazo hivyohivyo.

Watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wana kumbukumbu yao. Dawa ya zamani iitwayo stavudini ilimaliza nyama za mashavu na miguu ya baadhi yao, na mitaani wakatambulika kwa sura. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache kuitumia hatua kwa hatua kwa sababu ya madhara yake. Dawa za sasa ni bora zaidi, ingawa baadhi ya watu huongezeka uzito wakizitumia.

Uchungu wa kuona mwili ukibadilika kwa sababu ya dawa ni wa kweli, na una haki ya kuusema. Lakini sikiliza kinachotokea ukiacha ghafla. Ukiacha predinisoloni uliyotumia kwa wiki nyingi, mwili unaweza kukosa homoni ambayo tezi zake zilikuwa zimeacha kutengeneza; shinikizo la damu hushuka na mtu anaweza kufa. Kijana mwenye kisukari cha kutegemea insulini akiiacha ili apungue, anaweza kupoteza fahamu ndani ya siku chache. Ukiacha dawa za kufubaza, virusi hupanda na huweza kuwa sugu. Ukikatisha sindano ya uzazi wa mpango bila njia nyingine, unaweza kupata mimba usiyoipanga.

Badala ya kuacha kimyakimya, njoo useme hivi: "Daktari, dawa hii imebadilisha mwili wangu na inanisumbua. Kuna njia nyingine?" Mara nyingi ipo. Dozi inaweza kupunguzwa taratibu, sindano inaweza kubadilishwa na kitanzi cha shaba kisicho na homoni, dawa moja inaweza kuwekwa badala ya nyingine. Na ukikutana na mhudumu anayecheka au kukupuuza, omba mwingine. Hilo nalo ni haki yako.

Mkorogo na vidonge vya umbo

Siku mbaya ni siku ya faida kwa muuzaji wa mkorogo. Anajua unachotaka kusikia. Hasemi kilichomo ndani.

Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi, na wakati mwingine zote zimechanganywa kwenye kopo moja. Zebaki hupenya kwenye ngozi na huharibu figo; kwa mama mjamzito huweza kumfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu huweza kuacha weusi wa kudumu, hasa mashavuni na kwenye vifundo vya vidole. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, huleta chunusi, michirizi na vinyweleo, na hupunguza uwezo wa kidonda kupona. Daktari anayemshona mama baada ya upasuaji wa uzazi huliona tatizo hilo kwa macho yake: nyuzi zinachana ngozi badala ya kuishika.

Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, wakati dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, lisilo na tarehe wala jina la mtengenezaji, liache dukani.

Vidonge vya kunenepa, vya kuongeza hipsi na makalio, navyo vina hatari zake. Baadhi huwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au dawa ya mzio inayoongeza njaa na usingizi. Unachokiona kama unene ni maji, mafuta usoni na tumboni, pamoja na sukari na shinikizo la damu vinavyopanda.

Kama tayari unatumia, usione aibu kuja. Hatutakupigia kelele. Usiache krimu ya steroidi au vidonge hivyo kwa pupa baada ya miezi mingi bila ushauri. Ngozi inaweza kulipuka kwa wekundu na kuwasha, na mwili unaweza kukosa homoni kama nilivyoeleza. Lete kopo au pakiti lenyewe, hata kama limebaki tupu.

Mzazi, maneno yako yanakaa

Watoto hujifunza kuuangalia mwili kutoka kwetu. Mama anayesema kila asubuhi, "Nimekuwa kama gunia," anamfundisha binti yake jinsi ya kujitazama. Baba anayemwita mwanawe "njiti" mbele ya wageni anadhani ni utani. Mtoto hacheki ndani.

Fahamu pia kalenda ya mwili. Msichana huongezeka mafuta mapajani na kwenye nyonga kabla ya kuvunja ungo na baada yake. Huo ni mpango wa mwili, si ulafi. Mvulana wa miaka 13 au 14 anaweza kuota uvimbe kama ziwa upande mmoja au pande zote mbili. Kwa walio wengi huisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, lakini yeye anaweza kuacha kucheza mpira kwa kuogopa kuvua shati. Mwambie mapema. Sentensi moja ya mzazi humwondolea miezi ya hofu.

Kuna mambo matatu ninayokuomba. Usimlinganishe mtoto na dada yake au wa jirani. Usitoe chakula kama zawadi wala kukinyima kama adhabu. Na kama mtoto ana uzito mkubwa kweli, badilisha chakula cha nyumba nzima: punguzeni soda, chipsi na maandazi, ongezeni mboga na michezo. Usimtenge mtoto mmoja na sahani yake mbele ya wenzake.

Sisemi uzito hauna maana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza, na shinikizo la damu na kisukari tunaviona kila siku. Lakini aibu haijawahi kuwa dawa ya uzito. Mtu anayeona aibu hujificha, hukimbia kliniki na huacha mazoezi. Mtu anayeheshimiwa hurudi kupimwa.

Wakati wa kuja hospitali

Hisia mbaya ni jambo moja, mwili uliobadilika kweli ni jingine. Njoo upimwe kama umepungua uzito bila kukusudia, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa au jasho la usiku. Kama una kiu na mkojo mwingi. Kama shingo imevimba mbele. Au kama umenenepa haraka pamoja na kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Hapo usijilaumu wala usijifariji. Tafuta vipimo.

Njoo pia, au mlete kijana wako, kama siku mbaya zimekuwa nyingi kuliko njema kwa wiki mbili mfululizo, kama anaruka milo, anakwenda chooni mara tu baada ya kula, anajitapisha au anameza dawa za kuharisha, kama hedhi imekoma kwa miezi mitatu bila mimba, kama anazirai, kama amejitenga na kuacha shule au kazi. Hizo huweza kuwa dalili za sonona au maradhi ya ulaji, na vyote vina tiba. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na wao watakupa rufaa ikihitajika. Akisema anatamani kufa au kujidhuru, usimwache peke yake na usisubiri kesho. Kwa watoto, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo.

Na wewe uliyefika sokoni ukakutana na mtu hujamwona miezi miwili, jaribu salamu nyingine. Muulize shamba linaendeleaje, watoto hawajambo, mvua huko juu zikoje. Mwambie umefurahi kumwona. Itatosha, na huwezi kujua anapitia siku ya namna gani.

Mwandishi wa safu hii ni daktari wa binadamu.